Sanduku la Buluu na Njia ya Rukanga

Anayekwenda kijiji cha Rukanga, nchini Kenya, kutoka Voi hushika barabara ya Mombasa hadi Maungu, kisha huiacha lami na kufuata vumbi mpaka chini ya mlima Kasigau. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwashuku Wakasigau, wakazi wa mlima huo, kuwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi pande za Malindi. Wengi walifia huko. Waliosalia walirudi katika miaka ya 1930. Watu walioadhibiwa wote kwa pamoja kwa sababu ya tuhuma wanajua gharama ya habari isiyopimwa.

Katika tiba, gharama hiyo ni uhai.

Kwa miaka mingi elimu ya afya ilifika vijijini ikiwa kichwani mwa muuguzi: alichofundishwa chuoni ndicho alichotibia, hata dawa zilipokwisha kubadilika. Kitabu cha David Werner, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Mahali Pasipo na Daktari, kilisaidia kuziba pengo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maktaba ya Shirika la Afya Duniani ikabuni jambo la busara sana: sanduku la bati la rangi ya buluu lenye vitabu zaidi ya 100 vya tiba na afya ya jamii, likapelekwa kwenye wilaya za Afrika zilizo mbali na vyuo. Vitabu hivyo vilikuwa vimechaguliwa. Kuchagua ndiyo kazi yenyewe, maana rafu iliyojaa vitabu vilivyopitwa na wakati humpoteza mganga kuliko rafu tupu.

Wakutubi wa afya wa Afrika walikuwa wameshaunda chama chao, AHILA, mwaka 1984. Mwaka 2002 ukaja mpango wa HINARI, uliofungua majarida ya tiba yapatayo 1,500 kwa nchi maskini, Kenya ikiwemo. Lakini nenosiri hupewa taasisi, na mara nyingi mwenye kulitunza ni mkutubi. Asipowafundisha wauguzi kutafuta, kulinganisha na kuupima utafiti, hazina hiyo hubaki imefungwa.

Kansas City, Marekani, waliitambua thamani ya mkutubi mapema. Mwaka 1971 mkutubi Gertrude Lamb aliwatoa wakutubi maktabani na kuwapeleka wodini, wafuatane na madaktari, wasikilize maswali, kisha walete majibu yenye ushahidi. Katika mpango huo mkutubi alihesabika kuwa mmoja wa timu ya tiba.

Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya vifaa na simu. Simu hiyo humletea mhudumu mwongozo wa wizara, na humletea pia uvumi wa dawa za miujiza, vyote kwenye kioo kimoja. Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Basi Kaunti ya Taita Taveta na imweke mkutubi wa afya katika hospitali ya rufaa ya Moi, Voi, ambaye mhudumu wa Rukanga ataweza kumpigia simu na kumuuliza: habari hii ni ya kweli?