Mizani ya Motokaa

Serikali itakayo watu wake wabadili desturi yao ina njia tatu: yaweza kukataza, yaweza kutoza, na yaweza kutuza. Katika insha hii, msomaji, nataka tutazame taifa lililounganisha njia mbili za mwisho katika sheria moja, tuone jinsi zilivyolifaa na jinsi zilivyoliponza.

Taifa hilo ni Ufaransa. Mwaka 2007, wakati wa Rais Nicolas Sarkozy, serikali iliwaita wenye viwanda, wafanyakazi, wakulima na watetezi wa mazingira ili washauriane juu ya hali ya nchi na hewa yake. Tunda moja la mashauri yao lilikuwa mpango uhusuo motokaa, ambao Wafaransa waliuita bonus-malus, maneno ya Kilatini yenye maana ya jema na baya. Zawadi zilianza kwa magari yaliyoagizwa tangu Desemba 5, 2007, na ushuru ulianza Januari 1, 2008.

Kipimo cha mpango huo kilikuwa hewa ukaa, gesi isiyoonekana kwa macho, ambayo hutoka kwa wingi kadiri motokaa inavyochoma mafuta. Aliyenunua motokaa mpya itoayo gramu 61 hadi 100 kwa kila kilometa alipewa euro 1,000. Ya gramu 101 hadi 120 ilimpa mnunuzi euro 700, na ya 121 hadi 130 ilimpa euro 200. Kutoka gramu 131 hadi 160, mtu hakupewa kitu wala hakutozwa kitu. Kutoka hapo mkono wa serikali uligeuka: mnunuzi alitozwa euro 200, kisha 750, kisha 1,600, na hatimaye euro 2,600 kwa motokaa iliyopita gramu 250.

Pengine utauliza: je, petroli haikuwa na ushuru wake tayari? Ulikuwako, tena mzito. Lakini ushuru wa petroli hulipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na mnunuzi asimamapo dukani mbele ya motokaa inayong'aa husahau kuwa haba na haba hujaza kibaba. Bei ya siku ile huiona kwa macho yake; gharama ya miaka kumi ijayo haioni. Sheria ilikusudia kumwonyesha leo kile ambacho angekijua kesho.

Matokeo hayakukawia. Wastani wa hewa ukaa ya motokaa mpya nchini Ufaransa ulikuwa gramu 149 mwaka 2007. Mwaka 2008 ulishuka hadi gramu 140. Watu waliziacha motokaa kubwa, wakakimbilia ndogo.

Hapo ndipo palipozuka taabu. Serikali ilitarajia kwamba mizani ingesimama sawa, fedha za waliotozwa ziwalipe waliotuzwa. Lakini waliostahili zawadi wakawa wengi kuliko ilivyodhaniwa, na waliotozwa wakawa wachache. Mwaka 2008 hazina ilipungukiwa na zaidi ya euro milioni 200, na mwaka 2009 na zaidi ya milioni 500. Sheria iliponzwa na kufaulu kwake yenyewe.

Tena palikuwa na kasoro katika ngazi zake. Motokaa ya gramu 120 ilipata euro 700, na ya gramu 121 ilipata 200 tu. Gramu moja ilikuwa na thamani ya euro 500 mahali hapo, na mahali pengine haikuwa na thamani yoyote.

Kasoro ya tatu ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2014 wataalamu watatu wa uchumi, D'Haultfœuille, Givord na Boutin, walitoa uchunguzi wao. Walionyesha kwamba, kwa muda mfupi, mpango ule uliongeza hewa ukaa badala ya kuipunguza. Zawadi ziliwavuta watu wengi kununua motokaa, na kila iliyoongezeka ililazimu kuundwa kiwandani na kuendeshwa barabarani. Motokaa moja ilichafua kidogo, lakini motokaa zilikuwa nyingi.

Ufaransa haikuivunja mizani yake, bali iliirekebisha mara kwa mara. Zawadi zilibanwa hata magari ya petroli yakazikosa, na mpaka wa kutozwa ukashushwa. Mwaka 2024 ushuru ulianzia gramu 118, na kilele chake kilikuwa euro 60,000.

Si kila nchi iliyoweza kuvumilia hivyo. New Zealand, ambayo kama Kenya huendesha magari upande wa kushoto na hununua mengi yaliyokwisha kutumika Japani, ilianza kutoa zawadi Julai 1, 2021, na kutoza Aprili 1, 2022. Motokaa mpya ya umeme ilimpatia mnunuzi hadi dola 8,625 za nchi hiyo. Lakini mkulima aliyehitaji pikapu ya kubebea mizigo na kuvutia tela alilalamika kwamba anatozwa kwa chombo cha kazi ambacho hana badala yake. Julai 16, 2021, wakulima waliingia mijini na trekta zao kupinga sheria hii na nyingine zilizowakera. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2023 serikali ilibadilika, na mpango ukakoma Desemba 31 mwaka huo.

Nakuachia jambo moja, msomaji, kwa maana huenda siku moja nawe ukaitwa kupiga kura, au kutunga sheria. Mizani ya namna hii si jiwe la mpaka ambalo huwekwa mara moja na kuachwa. Watu huhama upande mmoja kwenda wa pili, na mwenye kuishika hana budi kuitazama kila mwaka. Usikiapo kwamba mmoja atatozwa ili mwingine atuzwe, uliza kwanza: huyu atozwaye ana njia nyingine ya kufuata? Akiwa nayo, ushuru humwongoza. Akiwa hana, ushuru humwadhibu tu, naye atangoja siku ya kura.