Kinga za mashindano: wepesi wake na starehe yake vilitoka wapi

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yafanyike Kigali mwezi wa tisa 2025, mara ya kwanza katika Afrika, vijana wanauliza: zile kinga nyepesi hivyo zimetengenezwa na nini? Na anayeketi juu yake saa sita haumii mgongo? Ni maswali mawili, na majibu yake hayatoki mahali pamoja.

Tuanze na wepesi. Chombo cha Karl Drais, cha mwaka 1817 huko Mannheim, Ujerumani, kilikuwa cha mbao, bila pedali. Mtu alijisukuma kwa miguu. Mwenyeji wa Goma akikiona atasema ni chukudu. Baadaye kikaja chuma. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya bomba lenye unene kwenye ncha, pale linapounganishwa, na wembamba katikati. Mwaka 1935 kampuni yake ikatoa bomba za chuma zilizoitwa 531, na washindi wengi wa Tour de France walipanda kadre za bomba hizo. Chuma kizuri hupinda kidogo na kurudi. Kikivunjika, fundi anakichomelea.

Alumini ina uzito wa theluthi moja ya chuma, lakini ni laini zaidi, kwa hiyo bomba zake hufanywa nene. Bomba nene ni gumu, nalo humpiga mpandaji kila shimo. Marco Pantani alishinda Tour ya 1998 juu ya alumini, ila zamu yake haikudumu. Kaboni ilikuwa imeshaingia: nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizogandishwa kwa gundi, ambazo mtengenezaji huzipanga ziwe ngumu penye pedali na zilegee chini ya kiti. Greg LeMond wa Marekani alishinda nayo 1986. Kinga zikawa nyepesi hadi shirikisho la dunia, UCI, likaweka sheria mwaka 2000: zisipungue kilo 6.8. Ubaya wake ni kwamba pigo moja la jiwe laweza kuipasua ndani bila alama kuonekana nje. Nani ataitengeneza Sake? Kwa barabara zetu mimi ningechukua chuma bila kufikiri mara mbili.

Lakini starehe, kusema kweli, haikuletwa na kadre. Ililetwa na mpira wenye hewa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, Ireland, aliufunga kwenye baiskeli ya matairi matatu ya mtoto wake. Mwaka uliofuata Willie Hume alishinda nao mashindano mjini humo, na tairi ngumu zikaanza kuachwa. Hata leo washindani wamehama kutoka tairi za milimita 23 hadi 28 na zaidi, kwa sababu hewa hulainisha barabara kuliko kadre yoyote.

Ulaya na Marekani zikataka mpira, kwanza kwa baiskeli, kisha kwa magari. Ulikuwa msituni kwetu, ndani ya mitambaa ya porini. Léopold II, aliyeifanya Kongo mali yake tangu 1885, aliweka kodi ya mpira. Mume alikwenda msituni siku nyingi; mke alishikwa rehani mpaka kikapu kijae. Askari walidaiwa mkono wa mtu kwa kila risasi waliyotumia, kuonyesha kwamba haikupotea bure, na hata walio hai walikatwa. Vijiji vilihama. Watu walilala porini bila mashamba, wakafa kwa njaa na magonjwa. Mnaosikiliza kutoka kambini hamhitaji kuelezwa hayo ni maisha gani.

Roger Casement, konseli wa Uingereza, alipanda mto 1903 akasikiliza wenyeji wenyewe, na ripoti yake ikatoka 1904. Yeye alikuwa amekulia Antrim, si mbali na Belfast ya Dunlop. Mwaka 1908 Léopold aliinyang'anywa Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji. Mpira haukukoma kudaiwa siku ile.

Wanaouliza kadre ya mbao iliishia wapi, waitazame chukudu inayoshuka na magunia ya makaa, au na godoro na masufuria ya familia inayokimbia vita. Haina bomba za hewa. Magurudumu yake ni ya mbao, na juu yake umepigiliwa kwa misumari mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu.