Kihika Kimani na kosa la kuwaza kifo

Ukitaka kuanzisha ugomvi kwa matatu ya kwenda Bahati, taja Kihika Kimani. Mzee mmoja atakwambia huyo ndiye aliyempa shamba. Mwingine atakunja uso. Shosho yangu hatasema kitu, na bado anaweka cheti chake cha hisa ndani ya Biblia, ingawa ni cha kampuni nyingine.

Kihika hakuwa msomi. Alikuwa na Ngwataniro, kampuni ya kununua ardhi. Walowezi walikuwa wanauza mashamba makubwa, na kibarua hangeweza kununua peke yake. Basi watu walichanga, kila mtu na hisa yake, kampuni inanunua shamba zima, halafu linakatwa vipande. Hesabu ni rahisi: ukishika daftari la wanachama, umeshika pia wapiga kura. Mwaka 1974 Kihika akawa mbunge wa Nakuru Kaskazini.

Kufikia 1976 Kenyatta alikuwa amezeeka. Katiba ilisema rais akifa, makamu anashikilia kiti siku 90, na makamu alikuwa Moi. Kihika, Njoroge Mungai, Njenga Karume wa GEMA na wenzao wakataka kipengele hicho kibadilishwe. Septemba wakafanya mkutano wa hadhara hapa Nakuru. Jukwaani walitaja katiba, lakini Bonde la Ufa kuuliza nani atamrithi Mzee ilikuwa pia kuuliza nani atabaki kwa shamba.

Oktoba, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akatoa taarifa fupi. Hakubishana nao. Aliwakumbusha tu kwamba kuwaza kifo cha rais ni kosa, na adhabu yake ni kifo. Kampeni ikazimika. Mimi sina shujaa hapa: Kihika hakuwa anapigania demokrasia, na sheria ile ilikuwa ya kutisha watu.

Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978. Siku 90 za Moi zikawa miaka 24. Mwaka 1979 kiti cha Nakuru Kaskazini kikaenda kwa Koigi wa Wamwere, jamaa aliyeacha masomo Cornell (kwa sababu zangu binafsi, hapo huwa natabasamu). Miaka ya 1980 Moi akaamuru kampuni za ardhi zivunjwe.

Mwaka 1997 Kihika alichaguliwa mbunge wa Molo, ambako 1992 watu walichomewa nyumba na kufukuzwa mashambani. Shosho alikuwa huko. Alitoka na Biblia, sufuria moja na kile cheti. Juzi nilimuuliza kama alimpigia Kihika kura. Akaniuliza kama nimekula.