Mshahara Usiofika na Riba Isiyolala: Historia ya Mkopo Usio na Leseni kutoka Unguja hadi Gudele

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mkopo wa riba kubwa unaotolewa nje ya sheria kwa watu wanaosubiri mshahara. Inaanzia Unguja ya karne ya kumi na tisa, inapitia Tanganyika, Kenya, Uganda na Tanzania, na kuishia Gudele, mtaa wa magharibi mwa jiji la Juba. Hoja kuu ni kwamba majina ambayo jamii za Afrika Mashariki zimempa mkopeshaji yameathiri namna serikali zilivyomshughulikia. Pale jina lilipomtaja mgeni, sheria iliwagawanya watu na chanzo cha deni kikabaki. Pale jina lilipotaja tendo, sheria ilikaribia tatizo lenyewe. Kwa Sudan Kusini, ambako mshahara huchelewa kwa miezi, inapendekezwa kwamba deni la mwajiri na deni la mtumishi yatazamwe kuwa jambo moja.

1. Utangulizi

Neno mshahara limetokana na Kiarabu, na mzizi wake ni neno lenye maana ya mwezi. Anayelipwa mshahara hulipwa kwa mwezi, na ahadi hiyo imo ndani ya neno lenyewe. Mkopo wa kusubiri mshahara umejengwa juu ya ahadi hiyo: mkopaji huchukua fedha leo kwa kuwa ana hakika mwezi utaisha na malipo yatafika. Mwezi ukiisha bila malipo, ahadi huvunjika, lakini riba huendelea kuhesabiwa.

Gudele ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Mtaa huo ulipanuka kwa kasi baada ya Mkataba wa Amani wa 2005, watu waliporejea kutoka Khartoum, Uganda, Kenya na kwingineko. Kiarabu cha Juba ndicho lugha ya kuwaunganisha wakaazi wa jiji, na Kiswahili nacho husikika sokoni kwa wafanyabiashara wa Kenya na Uganda na kwa waliokulia uhamishoni. Lugha hizi mbili zina msamiati wa fedha unaokaribiana. Deni, riba, rehani na dhamana ni maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu, na chama cha kuweka na kupokezana fedha, kinachojulikana Juba kama sanduk, humfikia msemaji wa Kiswahili bila mkalimani. Kwa hiyo tajriba ya pwani kuhusu deni si ngeni kwa Juba kama ramani inavyoweza kudokeza.

2. Unguja: deni lililopewa kabila

Katika karne ya kumi na tisa, kilimo cha karafuu Unguja na Pemba kiliendeshwa kwa fedha za kukopa. Wenye mashamba walihitaji fedha kabla ya mavuno, na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi walikuwa nazo. Kwa kuwa sheria ya Kiislamu inakataza riba, mkopo ulivishwa vazi la mauzo. Katika utaratibu wa bei khiyari, mwenye shamba aliliuza kwa mkopeshaji akiwa na haki ya kulinunua tena kwa muda waliokubaliana, na kwa wakati huo alibaki shambani akilipa kodi. Katika karatasi hapakuwa na riba. Katika hesabu, kodi ile ilifanya kazi yake. Asiyeweza kukomboa kwa wakati alikuwa katika hatari ya kulipoteza shamba lake.

Neno bepari limezaliwa katika mazingira hayo ya biashara. Asili yake ni neno la Kihindi na Kigujarati lenye maana ya mfanyabiashara tu. Baadaye lilibeba maana ya mwenye mtaji anyonyaye. Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, aliiita Mabepari wa Venisi, ikachapishwa 1969. Kutoka tamthilia hiyohiyo Kenya ilipata jina jingine: mkopeshaji wa mtaani huitwa shailoki. Maneno yote mawili yana historia ya kumtambulisha mkopeshaji kwa asili yake. La kwanza lilihusishwa na Mhindi, la pili ni jina la Myahudi aliyechorwa kwa chuki za zama zake.

Sheria nayo ilifuata mkondo huo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilitunga amri zilizozuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamia mikononi mwa wengine, ikabana shughuli za wakopeshaji, na ikakiweka Chama cha Wakulima wa Karafuu chini ya sheria. Wafanyabiashara wa Kihindi walipinga, na mgomo wa biashara ya karafuu wa 1937 hadi 1938 ukatikisa uchumi wa visiwa. Sheria ilishughulikia nani amkopeshe nani na nani amiliki ardhi. Swali la kwa nini mkulima alihitaji fedha kabla ya mavuno, na wapi pengine angezipata, lilipewa nafasi ndogo zaidi.

Tanganyika, kwa sheria ya 1931, ilizuia kudai mahakamani deni ambalo Mwafrika alikopeshwa na asiye Mwafrika, isipokuwa mkataba uwe wa maandishi na uidhinishwe na ofisa wa serikali. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumlinda mkopaji. Matokeo yake mengine ni kwamba Mwafrika mwenye biashara alifungiwa mlango wa mkopo halali, na aliyekuwa na haja ya dharura alibaki na milango isiyo rasmi.

3. Kutoka asili hadi tendo: kausha damu

Baada ya uhuru, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo vilijaza sehemu ya pengo hilo. Hata hivyo, mfanyakazi mwenye dharura ya wiki moja hakuweza daima kusubiri kikao cha kamati. Teknolojia ya simu ilimpatia njia nyingine. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Novemba 2012 ikafuata M-Shwari, iliyotoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ada hiyo, ikirudiwa kila mwezi, ni sawa na asilimia 90 kwa mwaka, na hiyo ilikuwa huduma ya benki yenye leseni. Wakopeshaji wasio na leseni waliokuja baadaye walitumia njia kali zaidi. Wapo waliosoma orodha ya majina katika simu ya mkopaji na kuwapigia ndugu, marafiki na hata mwajiri wake ili kumwaibisha.

Kenya ilichukua hatua kwa awamu. Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina kwenye taasisi za taarifa za mikopo. Sheria ya 2021 iliipa Benki Kuu mamlaka ya kuwapa leseni, na kanuni za Machi 2022 zikakataza vitisho na kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Uganda ilikuwa imetunga sheria ya 2016 iliyounda mamlaka ya kuwasimamia wakopeshaji wadogo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, iliyowagawa watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia taasisi zinazopokea amana hadi vikundi vya kijamii. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Katika kipindi hiki lugha nayo ilibadilika. Watanzania waliipa mikopo hiyo majina ya kausha damu na mikopo umiza. Majina haya hayasemi mkopeshaji ametoka wapi. Yanasema mkopo unamfanya nini mtu. Miongoni mwa matendo yaliyolalamikiwa ni mkopeshaji kuchukua kadi ya benki ya mtumishi pamoja na namba yake ya siri, ili mshahara ukiingia autoe yeye kwanza. Jina lililotaja tendo lilirahisisha kulijadili tendo hilo hadharani, na kisha kulikataza.

4. Gudele: riba juu ya mshahara uliochelewa

Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011 ikiwa na bajeti iliyotegemea mafuta kwa takribani asilimia 98 ya mapato ya serikali. Januari 2012 uzalishaji ulisimamishwa kutokana na mgogoro na Sudan. Desemba 2013 vita vilizuka. Desemba 2015 pauni iliachwa ielee, na dola moja iliyokuwa chini ya pauni 3 ikafika takribani pauni 18.5. Februari 2024 bomba la mafuta lilipasuka ndani ya Sudan yenye vita, na watumishi wa umma wakakaa miezi mingi bila malipo.

Kila tukio kati ya hayo lilifika Gudele kwa sura ya mwisho wa mwezi usiofika. Mwalimu, muuguzi au askari hulazimika kuandikiwa deni dukani, kukopa kwa jirani au kukopa kwa riba. Chukua mfano wa hesabu tu: mtu anakopa pauni 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na riba isiyolipwa inaongezwa juu ya deni. Mshahara ukifika kwa wakati, anadaiwa 130,000. Ukifika baada ya miezi mitatu, anadaiwa 219,700. Ukifika baada ya sita, deni linapita 482,000. Katika muda huo wote hakukopa tena hata senti moja. Aliyekuza deni ni mwajiri aliyechelewa kulipa, na malimbikizo ya mshahara, yakilipwa, huja bila fidia ya ucheleweshaji. Mtumishi anakuwa amebeba riba ya deni la serikali.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Mkopeshaji aliyetoa pauni kabla ya Desemba 2015 na kulipwa pauni zilezile baadaye alipata hasara kubwa. Riba ya juu ni kinga yake dhidi ya fedha inayoporomoka, na wengine hujikinga kwa kudai dola. Lakini mkopaji analipwa kwa pauni. Hatari yote ya sarafu huhamia kwake, naye ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuibeba.

Zaidi ya hayo, deni Sudan Kusini laweza kumpeleka mtu gerezani. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2012 kuhusu magereza ya nchi hiyo ilieleza watu waliofungwa kwa kushindwa kulipa madeni. Methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga, hapo huwa taarifa kamili.

5. Mafunzo kwa sera

Nchi hii ina Sheria ya Benki Kuu ya 2011 na Sheria ya Mabenki ya 2012. Tangu 2016 ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na inaweza kujifunza kwa majirani bila kurudia makosa yao. Mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, sheria itaje tendo. Kushika kadi ya benki ya mdaiwa, kuwasumbua jamaa zake na kuongeza riba juu ya riba ni matendo yanayoweza kuthibitishwa. Katika jiji ambalo wafanyabiashara wengi wametoka nchi jirani, kumtambulisha mkopeshaji kwa taifa lake kutarudisha makosa ya Zanzibar ya 1934.

Pili, ucheleweshaji wa mshahara usimamishe riba. Mtumishi akithibitisha kwamba hajalipwa, deni lake libaki pale lilipokuwa siku mshahara ulipostahili kufika.

Tatu, mkataba uandikwe kwa lugha anayoielewa mkopaji, ukionyesha kiasi alichopokea, jumla atakayolipa na tarehe. Mahakama za kimila, zinazotambuliwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009, zinaweza kudai karatasi hiyo kabla ya kusikiliza shauri la deni. Hata kabla ya sheria mpya, mdaiwa atafaidika akiandika kila alicholipa mbele ya shahidi, akikataa kutoa namba ya siri, na akilipeleka shauri kwa wazee kabla halijafika polisi.

Nne, sanduk ilindwe. Kikundi cha watu wanaofahamiana hakimalizi dharura zote, lakini hupunguza idadi ya siku ambazo mtu hana pa kwenda isipokuwa kwa mkopeshaji. Tanzania iliviweka vikundi vya namna hiyo katika daraja la nne la sheria yake bila kuvigeuza benki.

6. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba mkopo usio na leseni hustawi katika nafasi iliyoachwa wazi kati ya haja na malipo. Unguja nafasi hiyo ilikuwa msimu wa karafuu. Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya mshahara. Gudele imekuwa miezi. Leseni na adhabu zina kazi yake, lakini haziwezi kuufupisha mwezi. Dawa ya deni ni kulipa, na Juba anayepaswa kulipa kwanza ni mwajiri.