Reli iliyoishia gatini Musoma

Ukisimama Nyasura, mjini Bunda, kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, utasikia malori na mabasi mchana kutwa. Treni haijawahi kupita hapa. Hata hivyo, kwa miongo mingi pamba ya Bunda na bidhaa za madukani zilifuata ratiba ya reli, ila reli yenyewe ilikuwa upande mwingine wa Ziwa Victoria.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901. Meli za ziwani zilikuja vipande vipande kutoka Uingereza, zikaungwa Kisumu, na kwa miaka mingi zikaendeshwa kwa kuni. Mwaka 1928 reli ya Tabora nayo ikafika Mwanza. Musoma ikawa katikati ya vituo viwili vya treni, bila kituo chake.

Kwa nini reli haikusogea, ilhali mkoa wetu wa Mara ulikuwa na dhahabu? Uingereza iliacha kupima fedha yake kwa dhahabu mwaka 1931, bei ikapanda, na migodi ya Buhemba na Kiabakari ikashamiri. Jibu naliona kwenye uzito. Makaa ya mawe huvuta reli, kwa kuwa tani za makaa haziendi sokoni bila mabehewa. Dhahabu ya mwezi mzima hutoshea sandukuni. Mkoa wetu ulikuwa na utajiri mwepesi mno.

Mgodi wa Kiabakari ulifungwa mwaka 1966. Buhemba ilifufuliwa na kampuni ya Meremeta mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikafungwa tena; wachimbaji wadogo wamebaki na makarasha yao, wakisaga mawe na kuosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa na waliotangulia.

Jambo la kusisimua ni kwamba mabehewa yalifika Musoma. Meli ya Umoja, ya miaka ya 1960, ina reli zilizolazwa juu ya sitaha. Behewa lilisukumwa ndani likiwa na shehena yake na kuvuka ziwa bila kupakuliwa. Gatini palitandikwa kipande cha reli cha kulipokea, basi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa, njia ya Kisumu ilikatika, na Musoma ikabaki kuitegemea Mwanza.

Mpango wa reli ya Tanga–Arusha–Musoma bado uko mezani serikalini. Mzigo unaotajwa sana kuihalalisha ni magadi ya Engaruka, mkoani Arusha, yanayopimwa kwa tani.