Salio la Chaji

Katika kata ya Kingerikiti wilayani Nyasa, na kushuka mpaka Mbamba Bay na Liuli, taa ya betri ya lithiamu si pambo. Inamulika nyumba na duka, na usiku wa giza inamulikia wavuvi wa usipa ziwani, kazi iliyokuwa ya karabai. Habari za betri hiyo huja kwa kijitaa kimoja: chekundu inapochaji, cha buluu au kijani ikimaliza. Mafundi wa elektroniki huiita kazi ya kijitaa hicho kufuatilia hali ya betri. Neno "hali" hapo limebebeshwa mambo matatu, na tusipoyatenga, fundi ataunda sakiti inayojibu swali ambalo mvuvi hakuuliza.

Nasema sakiti, si mzunguko, kwa makusudi. "Mzunguko" tunauhitaji kwa jambo jingine: betri kujaa na kutumika mpaka kuisha, kisha kujaa tena. Seli nyingi za lithiamu za kawaida huhesabiwa mizunguko kati ya 300 na 500 kabla hazijachoka. Tukitumia neno moja kwa yote mawili, maelekezo ya fundi hayatasomeka.

Istilahi hizi bado changa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Betri ya lithiamu-ioni, ndiyo hii tunayoizungumzia, ilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991. Chombo kilikuja baada ya kamusi, na maneno yake tumekuwa tukiyaokota njiani.

Sakiti ya kuchaji yenyewe haina fumbo. Seli moja ya kawaida ina volti 3.7, na haitakiwi kuzidi 4.2. Ikiwa imeshuka chini ya volti 3 hivi, huamshwa kwanza kwa mkondo mdogo. Kisha hupewa mkondo usiobadilika mpaka ifike volti 4.2. Hapo volti hushikiliwa palepale na mkondo huachwa upungue wenyewe. Ukifika sehemu moja ya kumi ya ule usiobadilika, kazi imekwisha. Kidude cha TP4056, kilichojaa katika maduka ya vipuri, hufanya hayo yote, na rizista moja ndiyo inayoamua mkondo: ohmu 1,200 kwa ampea moja, na ukiongeza ohmu, mkondo unapungua. Pembeni huwekwa sakiti ya ulinzi ya kukata umeme volti zikizidi au zikishuka mno. Asiiache fundi yeyote, hasa anayetumia seli zilizotolewa katika kompyuta mpakato mbovu, kwa sababu seli ya lithiamu iliyojazwa kupita kiasi huweza kuwaka moto.

Sasa yale mambo matatu. La kwanza ni hatua ya kuchaji: inachaji, imemaliza, au ina hitilafu. Hilo tu ndilo linaloonyeshwa na kijitaa, na hata hilo huweza kupotoshwa. Mtu akichaji huku taa yake inawaka, mkondo unaoliwa na taa huzuia ule wa chaja kushuka hadi sehemu ya kumi. Chekundu kitabaki kinawaka hata seli ikiwa imejaa.

La pili ndilo analolitaka mvuvi kabla ya kusukuma mtumbwi: kimebaki kiasi gani? Wengi wangeandika "hali ya chaji". Napendekeza "salio la chaji". Kila mwenye simu anajua salio ni kilichoingia ukitoa kilichotumika, na hivyo ndivyo kipimo cha kweli kinavyofanya kazi. Rizista ndogo sana huwekwa katika njia ya umeme, na programu huhesabu mkondo unaoingia na unaotoka. Zikiwa zimebaki miliampea-saa 2,000 na taa inakula miliampea 250, kuna mwanga wa saa 8. Kupima volti peke yake hakutoshi: volti za lithiamu hukaa karibu palepale kwa sehemu kubwa ya matumizi, kisha huporomoka ghafla. Isitoshe, hupanda betri inapochajiwa na hushuka taa inapowashwa. Vile vipande vinne vya mwanga kwenye taa za bei nafuu mara nyingi husoma volti tu; ndiyo maana kipande cha mwisho huisha upesi kuliko cha kwanza.

La tatu ni uzima wa betri. Sisemi "afya", maana tayari tunasema betri nzima na betri mbovu. Seli iliyozaliwa na miliampea-saa 2,000 na sasa inabeba 1,600 ina uzima wa asilimia 80, na wahandisi wengi huhesabu hapo ndipo pa kuistaafisha. Joto huharakisha uchakavu huo. Betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa na zaidi ya nyuzi 45, joto linaloweza kufikiwa chini ya bati kavu mchana wa Oktoba. Kipima joto kidogo kilichobanwa kwenye seli hugharimu fedha kidogo sana.

Kwa hiyo, wauzaji na mafundi wa Nyasa na Mbinga, andikeni kwenye boksi hatua ya kuchaji, salio la chaji na uzima wa betri, na mseme kipi kati ya hivyo taa yenu inaonyesha. Nawe mnunuzi, ukiambiwa "imejaa", uliza imejaa miliampea-saa ngapi.