Ndoa ya Siri na Kelele za Jua

Mwaka 1944 Ruby Payne-Scott aliolewa, akanyamaza. Alikuwa mwanafizikia katika maabara ya rada ya serikali mjini Sydney, na kanuni za Australia hazikuwa na huruma: mwanamke mtumishi wa umma akiolewa, anapoteza ajira ya kudumu. Jina lake halikubadilika. Aliendelea kwenda kazini kama kawaida.

Vita vilipokwisha, yeye na wenzake waligeuzia Jua antena za rada. Januari 26, 1946, antena iliyokuwa juu ya majabali ya Dover Heights ilinasa macheo. Baadhi ya mawimbi ya redio yalifika moja kwa moja, mengine yaligonga bahari kwanza. Kwa kulinganisha njia hizo mbili, wakabaini kwamba kelele ilitoka upande wa madoa ya Jua.

Machi 1947 Jua lililipuka. Kipokezi cha megahezi 200 kilitangulia kunguruma, kikafuata cha 100, kisha cha 60, kwa kupishana dakika chache. Payne-Scott, Donald Yabsley na John Bolton hawakuuona ucheleweshaji huo kama hitilafu ya mitambo. Gesi inayolizunguka Jua huwa nyembamba kadiri unavyopanda, na palipo pembamba hutoka masafa ya chini. Kumbe kitu kilikuwa kikipanda kutoka kwenye Jua, mamia ya kilomita kwa sekunde.

Huko Hornsby alinasa milio mingine, mifupi zaidi, ya sekunde chache tu. Leo tunajua kwamba milio ya namna hiyo husababishwa na elektroni zinazokimbia kwa takriban theluthi moja ya kasi ya mwanga.

Mwaka 1950 wakubwa wakaijua ndoa yake. Akapoteza ajira ya kudumu, na pamoja nayo haki ya pensheni. Mwaka uliofuata alikuwa mjamzito, na likizo ya uzazi haikuwepo. Akaondoka akiwa na miaka 39. Baadaye alifundisha katika shule ya wasichana.

Mtelemko ule wa masafa bado unafuatiliwa na watabiri wa hali ya anga za juu, kwa ajili ya satelaiti na mawasiliano yetu. Kanuni iliyomwondoa ilifutwa mwaka 1966. Alikuwa na miaka 54, na hakurudi tena kwenye antena.